Nimepona sukari, au imejificha?

Shikamoo Sista,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 48, mke na watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu hatuelewani, na kinachobishaniwa ni afya yangu, ambayo kila mtu anaona imekuwa nzuri.

Miaka miwili iliyopita nilianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikajua ni umri, nikanunua miwani ya kutembezwa barabarani. Usiku naamka kukojoa mara nne, mara tano, mchana maji hayakati kiu. Mke wangu akanishika mkono mpaka hospitali. Sukari ya asubuhi, sijaweka kitu mdomoni, ilikuwa 14.6. Uzito kilo 94. Nikaanzishiwa vidonge vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide, nikapelekwa kwa mtu wa lishe.

Nilijitahidi, Sista. Soda niliacha kabisa. Zile chapati mbili za asubuhi na chai ya maziwa ya vijiko vitatu, niliacha. Ugali nakula wa ngumi moja, sahani inayobaki naijaza matembele au mchicha, na samaki au maharage. Daladala nimeachana nayo, natembea kutoka Msamvu hadi kibandani kwangu mjini, na jioni narudi kwa miguu. Kiuno najipima mwenyewe kwa futi ya kazini: nilikuwa inchi 42, sasa 36. Suruali zangu zote nimezipunguza. Mizani inasoma kilo 78.

Katikati hapo nilipata mkasa. Siku moja saa tano asubuhi nilikuwa nashona sare za shule, mikono ikaanza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, watu wakiniongelesha siwaelewi. Jirani akasema nimechezewa. Mke wangu alipofika akaninywesha chai yenye sukari nyingi, nikarudi. Daktari akanifutia glibenclamide. Leo nabaki na metformin 500, asubuhi na jioni, na mashine inasoma kati ya 5.3 na 5.9 kila nikiamka.

Sasa miezi mitatu iliyopita mama mmoja mtaani aliniletea unga wa mizizi, kopo shilingi 80,000, akasema ni dozi ya kung'oa sukari kwa siku 90. Nimeumaliza. Anatangaza mtaa mzima kwamba ameniponya. Mchungaji naye ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mke wangu hataki kusikia: anasema nikishatamka nimepona nitaacha kupima, naye hayuko tayari kuwa mjane. Mwanangu wa chuo anasema Uingereza imeshathibitishwa kuwa sukari inaondoka mtu akipungua mwili, mama asinitishe.

Na kuna hili. Mdogo wangu wa kike ana mtoto wa miaka 10 aliyegundulika na kisukari mwezi wa pili mwaka huu, baada ya kukonda ghafla, kukojoa kitandani na mwisho kuzimia. Yuko kwenye sindano za insulini. Mama yake kuniona mimi nimekuwa mzima, ameanza kumpunguzia sindano kidogokidogo na kumpa ule unga. Anasema mtoto anacheza vizuri na sukari haipandi sana. Sijamkataza wala sijamruhusu.

Naomba unijibu: nimepona? Niache metformin? Na kama mimi nimeweza kwa chakula na kutembea, mtoto ashindwe kwa nini? La mwisho ni dogo: Desemba binti yangu ana sendofu. Pilau nile au niangalie tu?

Fundi, Morogoro

---

Marahaba mdogo wangu.

Naanza na mtoto, ingawa umemweka mwishoni. Wewe unaweza kusubiri kliniki ya wiki ijayo, yeye hawezi. Soma aya zinazomhusu, kisha weka simu hii pembeni umpigie mama yake. Mengine utayakuta.

Insulini irudi leo, kwa kiasi kilekile alichoandikiwa, na unga usimame leo. Kesho asubuhi mtoto apelekwe kliniki yake, na mama aseme wazi amekuwa akipunguza kiasi gani na tangu lini. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayemfukuza kwa kusema ukweli huo. Tunausikia kila mara. Na kama sasa hivi mtoto anatapika, analalamika tumbo, anahema kwa nguvu na kwa haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza au dawa ya kufutia rangi ya kucha, au analegea na kusinzia ovyo, usingoje kesho. Ni hospitali usiku huuhuu. Watoto wengi hufika kwetu wamechelewa kwa sababu nyumbani walidhani ni malaria, wakampa mseto, wakasubiri. Mtoto mwenye kisukari akitapika, kwanza pima sukari, na hospitali wapime ketoni, yaani tindikali zinazojaa mwili ukikosa insulini, kwenye mkojo au damu. Kumbuka pia kwamba hata siku aliyokataa chakula, insulini haikatwi yote. Kliniki ndiyo itakayowaambia ipunguzwe vipi.

Ugonjwa wake na wako mnauita jina moja, ila chanzo ni mbali kabisa. Wewe una aina ya pili. Kwa maelezo uliyonipa, miaka 10, kukonda ghafla, kukojoa kitandani, kuzimia, yeye ana aina ya kwanza. Kwa lugha ya kazi yako: kongosho lako ni cherehani iliyojaa nyuzi na mafuta machafu, ukiisafisha inaweza kushona tena. Ya mpwa wako imeibwa. Kinga ya mwili wake mwenyewe imezishambulia seli zinazotengeneza insulini, na bila insulini ya kuchomwa sukari haiingii kwenye misuli hata mtoto angekula mchicha mtupu mwaka mzima. Mwili ukikosa sukari ndani unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo, tindikali zinajaa kwenye damu, na hapo ndipo kuhema kwa nguvu na kuzimia kunapotokea.

Utaniuliza, mbona anacheza vizuri na sindano zimepunguzwa? Kuna kipindi, mara nyingi wiki au miezi ya mwanzo baada ya kuanza insulini, ambapo seli chache zilizobaki hupata nafuu na kufanya kazi kidogo. Mtoto anahitaji insulini ndogo mno, na familia nyingi hapo hapo huamini ameombewa akapona, au dawa ya mizizi imekubali. Kisha seli hizo nazo zinaisha, na sukari inaruka bila kubisha hodi. Ule unga umeingia katika kipindi hicho, ndiyo maana unaonekana mtaalamu.

Na wazo la kumtibu mtoto wa aina hii kwa chakula peke yake si jipya. Lilijaribiwa na madaktari wakubwa wa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliwalaza watoto na njaa, makusudi, chakula kidogo kabisa, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine. Wengine waliongezewa miezi, wachache mwaka au miwili, wakawa mifupa, wakafa. Januari 1922 huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki na uzito wa kilo 29 au 30 hivi, akachomwa insulini iliyotoka maabara ya kina Frederick Banting na Charles Best. Sindano ya kwanza haikuwa safi na haikufaa kitu. Ilipoboreshwa, siku chache baadaye, sukari yake ilishuka, naye akaishi zaidi ya miaka 13 baada ya hapo. Mdogo wako anamrudisha mwanawe kabla ya 1922 bila kujua. Mwambie hivyo, kwa upole. Usimgombeze. Mzazi anayemchoma mwanawe sindano kila siku akimwona kaka yake amepungua vidonge lazima atamani na yeye.

Muulize pia kama kinachompa shida ni hela au utunzaji. Ipo miradi inayowapa watoto wenye kisukari insulini na vijiti vya kupimia bila malipo kupitia kliniki za hospitali, aulizie kwenye kliniki anayokwenda. Kama hana friji, chungu cha udongo chenye mchanga unaoloweshwa maji, kivulini, kinatunza chupa ya insulini vizuri kuliko friji ya jirani inayogandisha. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Umeshapiga simu? Haya, tuje kwako.

Mkeo na mwanao wote wawili wana hoja, na mama wa unga hana. Mwanao hajadanganywa kuhusu Uingereza. Ila amesoma nusu ya habari, ile nusu tamu.

Kwanza uelewe kilichokutokea mwilini. Watu huja kliniki wamekasirika: "Sista, nimelala na njaa, sukari asubuhi 12, imetoka wapi?" Imetoka kwenye ini. Ini ni ghala, usiku linatoa sukari kidogokidogo ili ubongo usizime. Insulini ndiyo inayoliambia basi, inatosha. Ini likijaa mafuta linakuwa kiziwi, linamwaga sukari usiku kucha. Mafuta yanayofurika kutoka kwenye ini yanakwenda hadi kwenye kongosho, na huko yanazilemea seli za insulini mpaka zinasinzia. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alilijaribu wazo hilo mwaka 2011 kwa watu 11 tu wenye aina ya pili. Aliwapa chakula kidogo sana kwa wiki 8. Ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida, mafuta ya ini yakiwa yamepungua. Kongosho lilichukua wiki zile zote 8 kuamka.

Watu 11 hawatoshi kumwambia mtu aache dawa. Ndipo ukafanyika ule utafiti mkubwa anaousema mwanao, uitwao DiRECT, Scotland na kaskazini mwa Uingereza, watu 306, matokeo ya kwanza yakatoka Desemba 2017. Nusu yao walitibiwa kama kawaida. Nusu nyingine waliachishwa vidonge vya sukari siku ya kwanza, wakaishi kwa supu na vinywaji vya unga maalumu vya kalori 850 hivi kwa siku, miezi 3 hadi 5, halafu wakarudishiwa chakula taratibu, wakisimamiwa na wahudumu wa afya muda wote. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila kidonge chochote cha sukari. Kwa waliotibiwa kawaida walikuwa 4. Na waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 kati ya 100 walikuwa wametulia. Kuna anayesema hao ni Wazungu, miili yetu tofauti. Qatar ikafanya wa kwake, kwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wenye miaka 18 hadi 50 na wasiozidi miaka 3 na ugonjwa. Mwaka 2020 ikatoa majibu, 61 kati ya 100.

Sasa ile nusu nyingine ya habari. Hao wa DiRECT mwaka wa pili walikuwa wamebaki 36 kati ya 100. Waliendelea kufuatiliwa, na kati ya wale waliokuwa wametulia mwaka wa pili, chini ya robo ndio walikuwa bado hivyo mwaka wa tano. Sehemu kubwa ya walioponyoka, kilo zilirudi na sukari ikarudi nazo. Kwa hiyo kitu chenyewe ni cha kweli na si cha kudumu kwa nguvu zake. Kinadumu kwa muda ambao ini lako halina mafuta. Chapati zikirudi na kiuno kikarudi inchi 42, hakuna mtu atakayekuroga. Ni ugonjwa uleule, haujahama mji.

Ndiyo maana mimi siwezi kukuambia umepona, kama mtu anavyopona malaria akasahau. Nakuambia sukari yako imeshuka vizuri sana, na inaelekea unaweza kutulia bila dawa. Hilo la pili bado hatujalijua, kwa sababu bado unameza metformin. 5.3 yako ni kazi ya ugali wa ngumi moja, miguu yako na vidonge viwili kwa siku. Hatujui kila mmoja amebeba kiasi gani.

Tunajua hivi. Nenda kliniki, omba kipimo cha HbA1c, ambacho wengi tunakiita kipimo cha miezi mitatu. Mashine ya kidoleni inaona asubuhi moja tu. Hiki kinasoma sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kinajua na ulivyokula msibani. Daktari akiridhika atakuondolea metformin yeye, kwa tarehe inayoandikwa kwenye kadi. Mnaendelea kupima nyumbani. Miezi 3 baada ya kidonge cha mwisho unarudia HbA1c. Ikiwa chini ya asilimia 6.5, kwa makubaliano ambayo vyama vikubwa vya madaktari wa kisukari vya Marekani na Ulaya vilifikia mwaka 2021, sukari yako imetulia bila dawa. Halafu kipimo hicho unakirudia angalau mara moja kila mwaka, maisha yako yote. Ukiwa na selimundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, sema kabla hujapimwa, maana kipimo hiki kinaweza kudanganya.

Usiache mwenyewe. Metformin haina makali ya kukuangusha leo ukiiacha, na hapo ndipo penye mtego: mtu anaacha, wiki inapita, mwezi unapita, hajisikii chochote, hapimi, anakuja mwaka unaofuata na kidonda cha mguu.

Una bahati tatu: miaka miwili tu tangu ugundulike, hujawahi kuhitaji insulini, na umepungua kilo 16 kwa jasho lako. Msomaji mwingine ambaye ana sukari miaka 15, yuko kwenye sindano, asione barua hii akajilaumu. Seli zikilemewa muda mrefu nyingine hazirudi. Kwake kupungua kutapunguza dawa na kulinda moyo, na hilo si dogo. Na aliye mwembamba tangu mwanzo, au anayepungua bila kujitahidi huku anakunywa maji na kukojoa, huyo anakondeshwa na sukari. Aende hospitali asubuhi, asifurahie mizani.

Tuzungumze mkasa wa saa tano asubuhi, maana kuna wengine utawapata. Glibenclamide inalikamua kongosho litoe insulini, umekula hujakula. Wewe ulikuwa umepungua, ugali umepungua, dozi imebaki ya kilo 94. Sukari ikashuka chini ya 4, mikono ikatetemeka. Mkeo alifanya sawasawa kabisa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, halafu kula kitu. Aliyezimia hanyweshwi, anakimbizwa hospitali. Yeyote anayetumia dawa za namna hiyo au insulini, na anapanga kujipunguza, kufunga Ramadhani au Kwaresima, apite kwanza kwa daktari wake apunguziwe dozi. Naomba hili msilisome haraka haraka.

Kuhusu unga. Hesabu ni yako, umeniandikia mwenyewe: ulianza kupungua karibu miaka miwili iliyopita, glibenclamide ikafutwa katikati ya safari, unga ukaja juzi, kazi imeshaisha. Mama yule amekuja kwenye mavuno na kikapu chake. Mimi si adui wa tiba asili. Metformin yenyewe asili yake ni mmea uliotumika kienyeji Ulaya karne nyingi. Tofauti ni kwamba kidonge najua kina miligramu 500 za kitu gani. Kopo lisilo na lebo sijui, na wewe hujui, na muuzaji huenda naye hajui. Mwaka 2008 huko Singapore wanaume waliokunywa dawa za kuongeza nguvu za kiume, zinazodaiwa kuwa za mitishamba, walianza kufikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, watu 150 ndani ya miezi michache, wote hawana kisukari kabisa. Wanne walikufa. Ndani ya dawa hizo kulikutwa glibenclamide. Kwa hiyo nikisikia unga unaoshusha sukari haraka, huwa najiuliza umechanganywa na nini. Kopo likibaki na masalia, mama wa mtoto aende nalo kliniki kesho. Na muuzaji muulize kama dawa yake imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukiona anakuwa mkali, umeshajibiwa.

Pilau ya sendofu, kula. Baba wa bibi harusi mtarajiwa kukaa anaangalia sahani za wenzake ni aibu na haina faida. Anza na kachumbari na nyama, kisha pilau ya ngumi moja na nusu, polepole. Soda na juisi ya pakiti uache, kunywa maji. Keki onja kipande unacholishwa, kisha watu wakianza kucheza na wewe inuka ucheze. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa chache. Kesho yake pima, andika, rudi kwenye matembele yako. Sherehe moja haimrudishi mtu kilo 94. Kinachorudisha ni kile cha kila siku kisichohesabiwa: kikombe cha uji wenye sukari, andazi la saa nne, asali ambayo watu wamejiaminisha kuwa si sukari, na ugali wa dona unaoliwa mlima mzima kwa sababu tu ni dona. Dona ina nyuzinyuzi, ni bora kuliko sembe, lakini ni wanga uleule, ini halisomi jina kwenye mfuko.

Vipo vitu vitatu ambavyo hata sukari ikitulia miaka 10 utavifanya kila mwaka: macho yachunguzwe kwa ndani, na mtaalamu, si kwa miwani ya barabarani; mkojo na damu vipimwe kwa ajili ya figo; miguu ivuliwe viatu ikaguliwe, hasa wewe unayekanyaga pedali siku nzima. Ule ukungu uliokunyima kutunga uzi mara nyingi ni maji kwenye lenzi ya jicho na huondoka sukari ikishuka. Ila hatujui sukari ilikuwa juu kwa muda gani kabla hujapima, na pazia la nyuma ya jicho linaweza kuharibika bila kuuma. Mkeo anaogopa vitu vya kweli.

Ushuhuda toa, sioni kwa nini usitoe. Mshukuru Mungu, halafu wape na ratiba yako: soda uliyoacha, ngumi ya ugali, njia ya Msamvu, kilo 94 hadi 78, glibenclamide iliyofutwa na daktari, kipimo unachokwenda kufanya. Neno nimepona liache mpaka angalau kile kipimo cha pili kirudi, na hata hapo sema imetulia na naendelea kupima. Ongea na mchungaji kabla, akubali usikatwe kabla hujafika kwenye sehemu ya vipimo. Baada ya ibada watu watakufuata nje, kila mmoja anataka umwambie ulikula nini. Kila atakayekuja muulize kwanza anatumia nini, vidonge au sindano. Wa vidonge mweleze ulichofanya na umwambie aende kwa daktari wake kabla ya kuanza. Wa sindano, au mwenye mtoto wa sindano, usimpe hata neno moja la chakula. Mpe siku na saa ya kliniki, na kama unaweza, mpeleke.